Pembe za Fahali wa Baridi

...na chapati yenyewe imeanza kupoa mkononi, na moto haulishwi kiporo, hilo hata wapumbavu hawa wanalijua, ndiyo maana wamemzunguka kofia mikononi kama waombolezaji walioibiwa maiti, wanaume saba wenye buti za mpira hadi mapajani, nyuma yao mashine tatu za maji zimeelekezwa mlimani kama mizinga, na hakuna hata mmoja atakayethubutu kuvuta kamba ya kuwasha kabla yeye, Gavril, mzee wa dua, hajafungua kinywa... mzee wa dua, hebu mwone, mkuu mstaafu wa ukumbi wa utamaduni wa kijiji, aliyekariri dua zake kutoka kwenye daftari la maigizo, aliyebariki arusi, mbio za farasi na siku moja friji ya duka, leo anaombwa abariki shimo la matope, na afadhali angekuwa muumini, au asiamini kabisa, lakini yeye kama kawaida yake yuko katikati, nzi ndani ya maziwa...

"Mjomba," anasema Erchim, mtoto wa dada yake, mkuu wa wachimbaji hawa, "chapati inapoa."

Inapoa, naam, mpwa wangu, siku hizi kila kitu kinapoa isipokuwa ardhi... anapunga usinga, kana kwamba anamfungulia njia Mzee wa Moto, kumbe anafukuza mbu na kuvuta muda, anamtazama kijana huyu mwenye uso wa mama yake, Agrafena, meno ya Agrafena, na bado mlima alioutaka katika milima yote ya Mungu ni huu, ambao chini yake Agrafena ametega nyavu miaka arobaini, kilindi cha mwisho ambamo mtu anamwona samaki kabla ya kumla, maana kule juu Bibi, wao mto hawauiti jina lake, ni utovu wa adabu, huuita Bibi, kule juu Bibi amekuwa rangi ya chai ya maziwa, wanamnyonya kwa mpira, wanamtema mlimani, mlima unayeyuka na kumrudia usoni, samaki wanakufa tope limewajaa matamvua, nao wachimbaji hawa jioni hukaa wakilalamika kwamba makopo ya nyama yana chumvi... na asubuhi ya leo Agrafena hakumwomba kitu, alimkatia samaki mbichi vipande vyembamba, aliyeganda nusu tu kwa sababu ghala lao la barafu ardhini linatokwa jasho, akamsogezea sahani, akasema, "Kula, kaka. Huenda ndiye wa mwisho, kwa hiyo usiongee mdomo umejaa"... na yeye alitafuna.

Mnamdhuru nani, aliwauliza jana, na Stas, fundi wa mashine, mtu anayeikuna injini kwa upendo ambao mkewe hajauona, akamjibu huku akilamba kijiko, "Mwenye pembe alikufa zamani, Babu. Hana mjane, hana kesi," wote wakacheka, na ubaya wa Stas ni kwamba anachekesha... hana mjane, sawa, yule tembo wa manyoya aliyeganda ardhini tangu kale, lakini pembe zake zinavuka mpaka kwenda kuchongwa tufe ndani ya tufe ndani ya tufe, lisilodunda hata moja, tajiri aliweke rafuni alisahau, na televisheni imesema huko kwenye nchi za joto yupo binamu yake mwenye masikio makubwa, yuko hai, anauawa, pembe zake zinavalishwa karatasi za huyu wetu zipite forodhani, yaani marehemu asiye na mjane anafufuliwa kila siku awatolee wauaji ushahidi wa uongo, na hawa hapa ndio wanaomfukua, kofia mikononi, wakiona haya mbele ya chapati... wapuuzi, vichwa vya supu...

Na neno lenyewe, pembe, kumbe ni jino, lakini wazee hawakujua kuwa ni jino, walidhani chini ya ardhi anaishi fahali wa majini, ndugu yake yule Fahali wa Baridi anayepanda kutoka bahari ya kaskazini kila mwaka na kugandisha nchi, hadi Januari inapoisha pembe yake moja ivunjike, Februari ya pili, kisha kichwa, na watu wapumue... na nani, miaka mitatu iliyopita, mbele ya mashine ya kwanza kabisa, maziwa ya farasi yaliyochacha yakiwa yamempanda kichwani, aliinua mikono akapaza sauti, "Fahali wa Baridi, dondosha pembe zako, zote, usibakize," ili watu wacheke? Nani, kama si kichwa cha supu huyu? Wakacheka, wakachimba, wakapata, wakamletea pikipiki ya theluji yenye taa mbili, akaizungusha kijiji kizima kama bwana arusi... na tangu hapo Februari ina matope, nyumba zimelala upande kama walevi, ghala linatokwa jasho... upuuzi, anajua, dunia haiyeyuki kwa mzaha wa mzee mmoja, ina mafundi wakubwa kuliko yeye, lakini aliyeomba ni nani, na aliyepanda pikipiki ni nani, mate ya atemaye juu hayapotei njia...

Sasa, anaweza kuomba kwa maneno ya kale, ambayo watoto hawa hawayajui, amwambie Fahali azishike pembe zake, na wao kwa ujinga wao wamwitikie *dom*, iwe hivyo, kwa sauti moja, lo, ingekuwa tamu... tamu, na mashine zingewaka palepale, ungekuwa mzaha mwingine, tena wa mtu yuleyule aliyejificha nyuma ya neno lilelile... hapana, ataomba kwa lugha ya sokoni, ambayo Stas mwenyewe huitumia kutukana, kwamba kilichozikwa kikae, Bibi aachwe, na atakayevuta kamba moto umjue kwa jina, kisha waone ni nani mwenye ubavu wa kuvuta moto ukishayala maneno hayo, na Erchim hatamwita mjomba tena, na pikipiki waichukue, taa moja imekwisha kufa...

"Mjomba?"

Chapati bado ina joto katikati, kidogo, linatosha.