Kamba ya Mumunyeni

Nchi ya Mumunyeni imelala kati ya vilima viwili vinavyofanana na mashavu ya mtu aliyejaza chakula mdomoni, na pale katikati, mahali ambapo pua ingekaa, umesimama Mnara wa Kuonekana, mrefu, mweupe, usio na ngazi ndani wala nje. Ukiuliza kwa nini mnara hauna ngazi, watu wa huko watakucheka. Tangu lini Jumbe akapanda? Jumbe hapandi, hupandishwa. Huketi kwenye kiti cha mninga chenye matakia, kiti kikafungwa kwenye kamba nene kama mkono wa mwanamume, kamba ikapita juu ya kapi, lile gurudumu la mbao lililoko kileleni, kisha ikashuka upande wa pili mpaka mikononi mwa watoto wa shule.

Ndiyo, watoto. Jumbe wa kwanza aliwaogopa watu wazima kwa kuwa alikuwa mmoja wao na alijua mawazo yao, basi akachonga juu ya jiwe kwamba siku mtu mzima atakapoigusa kamba ile, utawala umekwisha siku hiyo hiyo. Kwa hiyo kila mwaka, Siku ya Kuonekana, shule zote kumi na mbili hukusanyika uwanjani, zikamvuta Jumbe hadi juu kabla kivuli cha mnara hakijaingia chini ya mnara wenyewe, zikaifunga kamba kwenye kigingi cha chuma, na lolote litakalotoka kinywani mwake akiwa kule kileleni likawa sheria, karani akaliandika kabla halijapoa.

Jumbe wa siku hizo aliitwa Mkwezwa wa Tatu, mtu mwenye sauti laini na vidole vyekundu. Wekundu huo ulitokana na vipovu. Kipovu ni kidude cha mviringo, chepesi kama jivu, kimepakwa rangi kali na kunyunyiziwa sukari na chumvi kwa pamoja hata ulimi usijue umtii nani. Ukikitia mdomoni kinalia kra! halafu hakipo, na mkono umesharudi kufuata kingine. Vilitengenezwa katika karakana za Jumbe, vikafungwa kwa karatasi zenye sura ya Jumbe akitabasamu, vikasukumwa kwa mikokoteni hadi malangoni mwa shule kwa amri ya Waziri wake wa Shibe, Bwana Chekacheka, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akila hata kimoja.

Vipovu vilitaka miwa, miwa ikataka ardhi, na ardhi iliyokwisha kulainishwa kwa jembe ilikuwa ile ya bustani za shule. Zikachukuliwa moja baada ya nyingine, kwa ngoma na hotuba. Mchicha ukang'olewa, watu wakipiga makofi. Majiko ya shule yakabomolewa, na wapishi wakapewa fagio za kuzoa karatasi zenye sura ya Jumbe.

Niwategee kitendawili kimoja hapa njiani, tupumue kidogo. Naingia kinywani mwako nikiwa mlima, nikifika tumboni nimekuwa upepo. Mimi nani? Haya, mmeshanijua. Na watoto wa Mumunyeni walijaa upepo huo asubuhi na mchana. Wengine walinenepa, wengine walibaki kama fito, lakini wote pumzi ziliwaishia mapema. Darasani kabla ya saa nne vichwa vilikuwa vimelala juu ya madaftari. Mpira ulichezwa kwa dakika kumi, refa akapuliza kipenga kwa huruma. Hakuna aliyevilaumu vipovu. Walimu walisema watoto wa siku hizi ni wavivu, na wazazi wakasema walimu wa siku hizi hawajui kufundisha.

Shule moja tu ilibaki na jiko, tena si kwa ushujaa, ila kwa ubovu wa njia. Shule ya Bondeni ilikuwa nyuma ya kilima cha kushoto, na kijia cha kwenda huko kilijaa mawe hata mkokoteni wa vipovu ulivunjika gurudumu mara tatu, Waziri akakata tamaa. Huko alikuwako mpishi, Bi Mgeni, mwanamke mfupi mwenye kicheko cha kifuani, pamoja na chungu chake na bustani iliyoshuka mpaka kijitoni. Msidhani watoto wake walizaliwa wakipenda mboga. Nao walikuwa wamevionja vipovu kwa binamu zao, na walipokiona chungu cha kunde walikunja nyuso. Bi Mgeni hakuwapigia kelele. Alisimama na upawa mkononi.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Chumba kirefu cha kijani, ndugu saba wamelala mstari mmoja, hakuna anayegeuka."

"Bweni la wavulana!" akadakia mmoja, wenzake wakaangua kicheko.

"Wavulana gani hao wanaolala bila kugeuka? Hebu tokeni, jibu liko bustanini. Atakayelileta mkononi ndiye nitakayempakulia wa kwanza."

Wakatimka. Wakarudi na maganda ya kunde, wakayapasua, wakahesabu ndugu waliolala humo. Kesho yake ilikuwa zamu ya kiazi kitamu, aliyevaa koti la udongo na ndani ana mwili wa rangi ya chungwa. Msichana mmoja tu aligoma, Mwanatumu, wa miaka kumi na miwili, mwenye mdomo mwepesi, aliyekuwa akiuficha mchicha chini ya ugali kama anayezika paka.

"Bi Mgeni, mimi majani sili. Mimi si sungura."

"Nani kakwambia ule? Nimekwambia utafute."

Akatafuta kwa kununa. Akachimba kwa kucha, akapata kiazi kikubwa kuliko vya wote, akakaa nacho mapajani kama mtoto mchanga. Kilipoiva, mwenzake alinyoosha mkono akione. Mwanatumu akakimega haraka akakitia kinywani, asije akanyang'anywa. Akatafuna. Akanyamaza, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Mwaka uliofuata alikuwa na tuta lake mwenyewe, na ole wako ulikanyage.

Sasa habari za shule inayokula chunguni zikamfikia Bwana Chekacheka. Akaja kwa miguu, akipumzika kila kona, akafika jikoni jasho likimtiririka mpaka ndevuni.

"Hongera, mama," alisema alipopata pumzi. "Chungu chako kitawekwa makumbusho."

"Kikiwa na kunde au kikiwa kitupu?"

Waziri akacheka, maana ndiyo kazi yake. "Siku ya Kuonekana Mtukufu atasoma tangazo. Njia hii itachongwa, mkokoteni utafika, jiko litabomolewa, na hapa patapandwa miwa. Watoto wako nao wale kama wenzao."

"Na huyo Mtukufu atafikishwa juu na nani, aende akasome?"

"Na watoto, mama. Kama kawaida."

Bi Mgeni akaugeukia moto. Alikoroga chungu chake.

Siku ilipofika, watoto arobaini na mmoja wa Bondeni waliondoka alfajiri, chungu kikiwa juu ya punda, kwa kuwa desturi ilikataza kula kabla ya kuvuta. Walipoingia uwanjani wenzao walikuwa wamekwisha kujipanga, vidole vyekundu.

"Mbuzi wamefika!" akapaza sauti msichana mmoja wa shule ya mjini. "Wamekuja na majani yao!"

"Mbuzi ndiye anayepanda mlima, dada," Mwanatumu akamjibu. "Wewe leo umepanda hata kizingiti?"

Wakapangwa mkiani, wasubiri kuitwa, kwa kuwa walikuwa wachache na wachelewaji. Baragumu likalia. Jumbe Mkwezwa akaketi, tangazo limeviringishwa mkononi. Shule kumi na moja zikavuta. Kiti kikainuka kimo cha mbuzi, kikayumba, kikashuka kikagonga ardhi. Zikavuta tena, kiti kikafika kimo cha kondoo. Mara ya tatu watoto wakaketi chini mmoja mmoja, wengine wakilia kwa aibu, wala kosa halikuwa lao. Askari wakasogea kusaidia, karani akawaonyesha jiwe kwa kalamu, wakarudi nyuma. Kivuli cha mnara kilikuwa kimebaki urefu wa mkeka.

"Bondeni!" Waziri akapiga kelele, na kwa mara ya kwanza hakucheka. "Njooni mbele!"

Mwanatumu akamgeukia mpishi. "Bi Mgeni, tukimvuta atasoma."

"Nimeisikia hiyo."

"Na tusipomvuta?"

"Wataweka mwingine, nao watampa karatasi ile ile."

"Sasa tufanyeje?"

"Mimi mtu mzima, mwanangu. Sheria inanikataza kuigusa kamba, hata kwa ulimi. Ila angalia tu asianguke. Huyo naye ni mtu."

Mwanatumu akatema mate viganjani, akashika mwanzo wa kamba. Arobaini wakashika nyuma yake. "Kunde!" akaita. "Hee!" wakaitika, kiti kikaruka. "Kiazi!" "Hee!" Kapi likalia, matakia yakapita kimo cha mbuzi, cha punda, cha paa la boma. Uwanjani zikasikika sauti hizo mbili tu, ya msichana na ya wenzake, mpaka Jumbe akawa amekaa kileleni, mdogo kama njiwa, na kivuli kikaingia chini ya mnara.

"Fungeni!" akaamuru Waziri.

Mwanatumu akakitazama kigingi. Akaitazama karatasi ikikunjuliwa kule juu.

"Msifunge," akasema.

"Mikono yangu inawaka!" akalalamika aliyekuwa nyuma yake.

"Hata yangu. Tukishafunga hatuna kazi tena hapa. Msifunge."

Jumbe akakohoa. "Mimi, Mkwezwa wa Tatu, kwa ajili ya heri ya watoto wote wa Mumunyeni, natangaza ya kwamba jiko la..."

Hapo ndipo njaa ya tangu alfajiri ilipowapata wale arobaini na mmoja. Vidole vya wadogo vikaachia, kamba ikateleza dhiraa moja, kiti nacho kikashuka dhiraa moja, kikasimama kwa mshtuko. Tangazo likamponyoka Jumbe, likapeperuka kuelekea mashambani. Hakuwa na haja nalo tena. Alikuwa amekumbatia kiti kwa mikono na miguu.

"Walisheni!" akapiga ukelele. "Walisheni hao watoto, upesi!"

"Vipovu, Mtukufu?" Waziri akauliza, na tayari ameshapasua mfuko.

"Vipovu gani, mwehu wewe! Hujawaona waliokula vipovu? Chakula! Kile cha yule mama! Wapewe kila siku, shule zote, wapewe tele!"

Karani akasimama na kalamu hewani. "Niandike, Bwana Waziri? Au ni kelele tu?"

Bwana Chekacheka akatazama juu, akatazama kamba, akatazama mikono midogo iliyoishika. Midomo yake ikatafuta kicheko, isikione.

"Andika," akasema.

Bi Mgeni akafunua chungu. Harufu ya kunde za nazi ikatanda uwanjani. Lakini wenye njaa mikono yao ilikuwa kazini, nani atawalisha? Yule msichana wa mjini ndiye aliyetangulia. Akajifuta vidole kwenye sketi, akachukua kijiko, akamtilia Mwanatumu kinywani. Kijiko cha pili akakionja mwenyewe, kwa ncha ya ulimi tu, kama anayetazama kama maji ni ya moto. Cha tatu hakukumbuka kumpa mwenzake.

"We! Hicho changu!" Mwanatumu akamfokea mdomo umejaa.

"Samahani, dada. Kinaitwaje hiki?"

"Njoo ushike hapa nikwambie."

Wakaja na wengine, wa shule hii na ile, wakila kidogo, wakishika kidogo, wakipokezana. Wako waliotema, wako waliorudi kwenye mikokoteni, maana ulimi hauachi mazoea yake kwa mlo mmoja. Lakini mstari wa chungu ulizidi kurefuka, na kamba ilikuwa na mikono mingi kuliko ilivyowahi kuwa nayo. Kigingi kilikaa peke yake.

Kule juu upepo ulikuwa ukivuma kutoka upande wa chungu. Jumbe akainua pua, akanusa. Kisha sauti yake ikateremka, laini kuliko siku zote.

"Jamani. Hamniachii hata kijiko?"

Karani akachovya kalamu, asijue kama hilo nalo ni sheria. Mwanatumu akameza kwanza, akainua uso.

"Subiri, Mtukufu," akasema. "Tunakula."