Kikombe Mdomoni mwa Tarumbeta

Mjane wa mpiga tarumbeta alikuwa tumbo joto tangu asubuhi. Sahani ya santuri ya marehemu, nakala pekee iliyopatikana ya muziki wa filamu moja ya zamani ya vichekesho vya majasusi, ilikuwa mikononi mwa fundi sauti. Saa sita kazi ingekwenda kiwandani, sahani mpya zitolewe.

Fundi, mtu mzima mwenye miwani, alimpa kiti na kumweleza kwamba yeye hufuta mikwaruzo. Na kweli alifuta, vumbi la miaka hamsini likatoka. Lakini muziki ulipofika pale jasusi anaponyata kwenda kuiba siri akajikwaa, tarumbeta ililia safi kama maji ya mtungi.

Bibi akashtuka. Kicheko hakipo.

Siku ya kurekodi mumewe alisahau kizibo cha kufinyia sauti. Akachomoa kikombe cha bati mkobani mwa mkewe, chenye mkono uliolegea, akakiweka mdomoni mwa tarumbeta. Kikatetema na kucheka hadi wapigaji wenzake wakashika mbavu. Leo fundi amekifuta.

Atasemaje? Yeye kaishia darasa la nne, na mwenzake ana mashine ukuta mzima. Fundi akaanza kufunga kazi. Mficha uchi hazai, bibi akajiambia.

"Mwanangu, umemtoa mume wangu."

Fundi akatabasamu, akasema ametoa mtetemo tu, sahani imelika pale. Bibi hakubishana. Alifungua mkoba, akatoa kikombe kile kile, akakitikisa karibu na sikio la fundi.

Fundi akavua miwani.

"Mama, nimefutia kwenye rekodi ile ile niliyoinakili. Sina nakala ya mwanzo."

Ilibidi sahani ipigwe na kurekodiwa tena, nayo ina ufa ukingoni, na zimebaki dakika ishirini kufika saa sita. Fundi akashusha sindano kama anayemlaza mtoto mgonjwa. Ufa ukagonga, tak, tak. Bibi alishika kikombe kwa mikono miwili kisije kikalia. Jasusi akanyata. Akajikwaa.

Kikombe cha kwenye sahani kikacheka.

Kazi ikatumwa kiwandani. Ndipo fundi akaomba kukipiga picha kikombe, iwekwe kwenye jalada la sahani mpya. Bibi akamwambia apige upesi, maana ndicho anachonywea dawa, na saa yake imeshapita.