Maombi ya Kufungua Mkutano

Hakuna mkutano Kamiruri uliowahi kuanza bila maombi, na kwa miaka mingi maombi hayo yalikuwa ya Mwalimu Marcella. Hakuna aliyemchagua. Ilitokea tu kwamba sauti yake ilikuwa ya upole na maombi yake yalikuwa mafupi, na watu walioacha mbuzi wamefungwa kando ya barabara walimpenda kwa hilo la pili. Aliomba kwenye harusi na matanga, kwenye mikutano ya wazazi, siku ya kuchanja ng'ombe, na hata siku mnara wa simu ulipowashwa.

Kwa hiyo, siku manispaa ilipowaita wakazi kusikia habari ya kugeuza uwanja wa mpira kuwa soko, Chifu Mbogo alitazama huku na huku, akamwona amesimama nyuma na wasichana wake wa netiboli, akampungia kofia.

"Mwalimu, hebu tufungulie."

Marcella alikuwa amekuja kupinga. Alikuwa ameyapanga maneno yake njia nzima, kwa sababu kusema mbele ya watu kulimtoa jasho hadi kwenye viganja. Kuomba hakukumtisha, maana mtu huomba amefumba macho. Akapita mbele.

Kamiruri ni mahali pa miteremko, juu kidogo ya Karurumo. Ukiangusha parachichi mlangoni kwako, utaliokota kwa jirani. Uwanja ule ndio uliokuwa sehemu pekee tambarare, ukabaki hivyo tangu wazee walipouacha wazi wakati mashamba yalipopimwa. Wavulana walichezea upande wa juu. Upande wa chini, karibu na ua wa mikaratusi, Marcella alikuwa amechimbia nguzo mbili na kuchora mistari kwa majivu. Hapo ndipo timu yake ilipojifunza mchezo, ikawashinda watu wa mjini wenye viatu. Kwenye ramani ya manispaa, eneo hilo lilipakwa rangi ya kijani, maana yake michezo na mapumziko. Ili lijengwe soko, ilibidi rangi ibadilishwe, na sheria haikuruhusu rangi kubadilishwa kabla ya wakazi kuulizwa. Hiyo ndiyo sababu ya mkutano.

"Tuinueni mikono yetu," Marcella alisema, kama alivyosema siku zote. Watu wakainua. Mzee Nyamu aliinua hadi mkono wenye fimbo. "Baba, twakushukuru kwa ajili ya mradi huu. Twakuomba uubariki mradi huu, uwabariki waliouwaza, na wageni wetu walio njiani uwafikishe salama."

"Amina!" watu wakaitikia kwa nguvu, maana mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Kirinyaga.

Mgeni aliyekuwa njiani alikuwa ndiyo kwanza anafika. Mutugi, afisa wa mipango, kijana aliyehamishiwa huko kutoka Meru mjini, alisimamisha pikapu langoni akaona umati mzima umeinua mikono na kusikia sauti moja kubwa ya kukubali. Alikuwa amechelewa na alikuwa na hofu ya kuzomewa. Alitoa simu yake akapiga picha akiwa bado amekaa kwenye kiti. Kisha akashuka, akabandika michoro yake kwenye ubao, akaeleza habari ya paa, vyoo na mitaro. Alipofika kwenye mitaro mvua ilishuka. Watu wakakimbilia barazani mwa maduka, na Mutugi akakunja michoro yake na kuondoka, ameridhika kwamba kazi imeisha vizuri.

Majuma machache baadaye, picha ile ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya chifu. Chini yake palikuwa na maneno: Wakazi wa Kamiruri wakiunga mkono ujenzi wa soko. Mwenye pingamizi alitakiwa kufika mbele ya kamati ya mipango kabla mwezi haujaisha.

Marcella alisimama mbele ya ule mlango muda mrefu. Kwenye picha alijiona mwenyewe, mbele ya wote, mikono yake miwili juu kuliko ya mtu yeyote.

"Kumbe mwalimu wetu ndiye kampeni meneja," alisema mwendesha bodaboda mmoja nyuma yake.

"Mwacheni. Huyo aliomba, nasi tukapewa," akasema mwingine.

"Sasa mwalimu, hebu tuambie, siku ile ulituombea ama ulituuza?"

Walicheka, naye akacheka kidogo, kwa kuwa hakujua la kufanya na uso wake. Kisha akashuka barabarani mahali Ciakuthii alipotandaza magunia yake.

Ciakuthii alikuwa jirani yake, na binti yake Kagure ndiye aliyekuwa mfungaji wa timu. Aliuza nyanya na parachichi pembeni mwa lami, karibu kiasi kwamba lori likipita ilimbidi azifunike nyanya kwa leso na kujifunika mwenyewe kwa kiganja.

"Mama Kagure, umeiona ile picha?"

"Nimeiona. Nimetoka vizuri."

"Unajua hatukuwa tunapiga kura. Tulikuwa tunaomba."

"Wewe ulikuwa unaomba," Ciakuthii alisema, akipangusa nyanya moja moja. "Mimi nilisema Amina na moyo wangu wote. Si ulisema mradi ubarikiwe? Nilifikiri umetukumbuka."

"Lakini Kagure atachezea wapi?"

"Na mimi nitauzia wapi? Juzi taa ya lori imepita hapa." Akaonyesha karibu na sikio lake. "Kagure akifunga mabao, mwalimu, nafurahi. Lakini hayo mabao hayanisogezi kutoka kwenye lami."

Marcella alinunua nyanya ambazo hakuzihitaji akaenda zake nyumbani. Usiku huo hakuwaza juu ya Mutugi, ambaye alimwona mara moja tu, bali juu ya taa ya lori. Hata hivyo asubuhi aliamka bado anautaka uwanja. Jambo hilo lilimshangaza kidogo, kwamba mtu anaweza kumwonea mwenzake huruma na bado asikubaliane naye.

Alikwenda kwenye kamati. Ilikutana katika chumba chenye meza ndefu na chupa za maji, na mwenyekiti wake alikuwa mama mmoja mnene wa sauti ya taratibu aitwaye Phyllis, aliyekuwa mwalimu mkuu kabla ya kuingia siasa. Mutugi alikaa kando na michoro yake. Alipomwona Marcella alimtambua, akatabasamu, kwa kuwa alimkumbuka kama mtu wa upande wake.

"Mwalimu Marcella," Phyllis alianza, "pingamizi lako ni gani? Nakuona hapa kwenye picha, na mkono uko juu."

"Mheshimiwa, hayo yalikuwa maombi."

"Maombi?"

"Ya kufungua mkutano. Afisa alikuwa hajafika."

Mutugi alikunja uso. "Nilifika. Niliona mikono kwa macho yangu. Nikasikia wamekubali."

"Ulisikia Amina," Marcella alisema. Sauti yake ilitoka ndogo, akarudia. "Ulisikia Amina, ndugu yangu."

Mzee mmoja mwanakamati alikohoa ili asicheke. Phyllis hakucheka. Aliegemea mbele.

"Na uliomba nini, mwalimu?"

Hilo ndilo swali ambalo Marcella alikuwa ameomba lisiulizwe. Angeweza kusema amesahau. Alitazama chupa ya maji iliyokuwa mbele yake.

"Niliomba Mungu aubariki mradi."

"Mradi gani?"

"Huu wa soko."

Sasa chumba kizima kilicheka, hata Mutugi. Marcella alingoja wamalize.

"Kwa hiyo ulibariki jambo ambalo ulikuwa umekuja kulipinga," Phyllis alisema.

"Ndivyo tunavyoomba kule kwetu, mheshimiwa. Mtu akituita, tunaanza kwa kubariki kile alichotuitia. Ni kama kumkaribisha mgeni kiti. Ukimpa kiti hujamwambia abaki alale."

Phyllis aliigeuza picha ile juu ya meza kana kwamba upande wa nyuma ungekuwa na jambo zaidi. Kisha akamwuliza Mutugi kama baada ya michoro kulikuwa na maswali.

"Kulikuwa na mvua, mheshimiwa."

"Basi hawajaulizwa," Phyllis alisema. "Rudini mkawaulize. Nitakuja mwenyewe. Na mtafute njia nyingine isiyo ya mikono."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba Kamiruri iliitwa tena, siku ya jua kali safari hii. Chifu Mbogo alivua kofia yake kwa mazoea, akawatazama watu, na macho yake yalipomfikia Marcella yakapita haraka kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

"Leo nani atatufungulia?" mtu akauliza kwa sauti, na watu wakaanza kucheka.

Phyllis alisimama. "Leo kila mmoja aombe kimoyomoyo. Mikono mifukoni."

Walioomba waliomba. Kisha Phyllis akatoa nafasi ya watu wawili kusema, mmoja kila upande. Wenye soko walimsukuma mbele Ciakuthii. Wenye uwanja walimtazama Marcella, na hapakuwa na pa kujificha.

Ciakuthii alisema kwa Kiembu, haraka, bila kupumua. Alisema habari za lori, vumbi, na mvua inayoozesha nyanya. Alisema kwamba mtoto akikosa kucheza atakuwa mkubwa tu, lakini mama akigongwa hakuna kiwanja kitakachomrudisha. Watu walinung'unika kwa kukubali. Marcella naye, akiwa amesimama kando, alijikuta akitikisa kichwa kukubali, akajizuia.

Zamu yake ilipofika, alisimama na macho wazi. Maneno aliyoyapanga yalikuwa yamemtoka.

"Yote aliyosema mama Kagure ni kweli," alisema. "Soko linahitajika. Soko linaweza kukaa mahali penye mteremko, likajengewa ngazi. Mpira hauwezi. Mpira kwenye mteremko unakwenda mtoni." Watu wengine walicheka kwa wema. "Tukijenga hapa, hatutapata tambarare nyingine, labda Mungu atuumbie. Ni hayo tu."

Phyllis aliwaambia wanaotaka soko waende kwenye goli la upande wa barabara, na wanaotaka uwanja ubaki waende goli la mikaratusi. Watoto wakaambiwa wakae katikati na wasihesabiwe. Watu walisimama kwanza wakitazamana, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuonekana. Mzee Nyamu ndiye aliyeanza kutembea na fimbo yake, akaelekea barabarani, akasita, akageuka akaelekea mikaratusi, na watu wakamshangilia kama mchezaji aliyehama timu.

"Mzee, amua bwana!"

"Nimeamua! Kule hakuna kivuli!"

Marcella alisimama chini ya mikaratusi akawaona mume na mke wakiachana katikati ya uwanja bila kuaga. Aliwaona waendesha bodaboda wakija upande wake, wale wale waliomcheka, na akina mama wa nyanya karibu wote wakienda upande wa pili na magunia yao mabegani. Kagure alikaa katikati na wenzake, magoti kifuani, akiutazama upande wa mama yake, kisha upande wa mwalimu wake, kisha majani.

Chifu Mbogo alihesabu. Tofauti ilikuwa ndogo, ikabidi ahesabu tena, na Mutugi akahesabu baada yake. Uwanja ulibaki. Mutugi alifunga michoro ya soko kwa ukanda wa mpira akampa Marcella mkono, bila kinyongo. Wasichana walipiga vigelegele, na baadhi ya wanaume wakambeba mzee Nyamu kwa sababu hawakuthubutu kumbeba mwalimu.

Asubuhi iliyofuata Marcella alikuwa na haja ya nyanya kwelikweli. Alifikiria kwenda kwa muuzaji wa upande wa pili, akaona aibu ya kufanya hivyo ni kubwa kuliko aibu ya kutofanya. Ciakuthii alikuwa mahali pake. Alimpimia nyanya, akazitia kwenye mfuko, akafunga fundo. Lori lilipita. Wote wawili wakajifunika uso, na vumbi lilipotulia walikuwa bado wanatazamana.

"Ulisema soko linaweza kukaa kwenye mteremko," Ciakuthii alisema.

"Nilisema."

"Mteremko gani?"

Marcella aliitazama miteremko iliyowazunguka. Alikuwa amelisema ili ashinde. Hakuwa amefikiria mteremko wowote.

"Kuna kule kwenye josho la zamani," alisema hatimaye. "Hakuna anayeogesha ng'ombe pale siku hizi. Ni ardhi ya umma."

"Twende utuonyeshe."

"Sasa hivi? Nina darasa."

"Mwalimu, mimi nina nyanya." Ciakuthii alimwita mwenzake amwangalizie magunia, akajifunga leso kiunoni. "Twende."

Walipanda kwa njia ya nyuma ya duka la mbegu, Ciakuthii mbele. Josho lilikuwa limejaa magugu, kuta zake zimepasuka, na chini yake ardhi ililala kwa mteremko hadi kwenye njia ya magari madogo. Ciakuthii alizunguka kote. Alikanyaga udongo kwa kisigino mahali pengi, akachuchumaa, akautazama ule mteremko na jicho moja limefumbwa.

"Maji yatashukia kwa wenye meza za chini," alisema.

"Wakichimba mtaro hayatashuka."

"Nani atachimba?"

"Tutawaambia manispaa wachimbe."

"Wewe ndiye utakayewaambia?"

Marcella aliangalia mteremko, akaona namna ngazi zingeweza kukaa, na namna zingeweza kutokaa. Viganja vyake vilikuwa vimeanza kulowa tayari.

"Mimi," alisema.

Ciakuthii aliokota kijiti akakichoma ardhini mahali ambapo, kwa maoni yake, mtaro ungepaswa kuanzia. Kisha akatafuta kijiti cha pili.