Ngoma Isiyomwona Mchezaji

Nereida Pizarro alipokubali kucheza katika onyesho la sikukuu, mji mzima wa Loíza ulishangaa. Alikuwa amelipinga onyesho hilo mahakamani, akashindwa. Sahihi ya kaka yake Wilfredo, mrithi mwenzake, ilitosha kuipa kampuni haki ya kuunda upya, kwa taa na mashine, sura na mikono ya marehemu baba yao, Teyo Pizarro, mpiga ngoma za muziki wa bomba. Onyesho la sikukuu ya Mtakatifu Yakobo lilikuwa la majaribio. Watu wa nyumbani wakilipokea, marehemu angepelekwa Orlando na New York.

"Hatimaye umepata akili," Wilfredo alisema nyuma ya jukwaa, akitafuna alcapurria, andazi la kukaanga lenye nyama ya kaa. "Baba atapiga vitu vipya, dada. Mashine imesikiliza rekodi zake zote."

"Rekodi zina ngoma tu. Wachezaji hawasikiki. Imejifunza majibu bila kusikia swali hata moja."

"Haya, profesa. Kavae sketi."

"Na wewe futa mafuta kidevuni. Baba anakuja."

Katika bomba, mchezaji ndiye anayeongoza. Mpigaji wa ngoma ya mbele humkazia macho, na lolote analofanya kwa bega au pindo la sketi, hulijibu papo hapo. Hapo Teyo hakuwa na mpinzani.

Taa zikawaka. Teyo akatokea pale alipozoea kukaa, kofia imeinama. Wazee wakajifuta macho. Nereida alikiri moyoni kwamba mkono ule ulikuwa wa baba yake hasa. Kando, kwenye ngoma ya pili, ile ya kushika mdundo, alikaa binamu yao Chago, mzima wa afya.

Nereida akaiinamia ngoma ya mbele, kama desturi inavyotaka. Akatupa bega. Ngoma ikajibu kitu kingine. Akachapa sketi, ngoma ikampita. Basi akasimama tuli.

Mpigaji yeyote angenyamaza amsubiri. Teyo aliendelea kupiga, kwa ufundi mkubwa, akitabasamu.

"Mjibu mwanao, Teyo!" mama mmoja alipaza sauti. Watu wakacheka, kisha kicheko kikakatika. Chago akaondoa mikono kwenye ngoma yake.

Casellas, mwenye kampuni, alipanda jukwaani akivuja jasho. "Mama Nereida, mwakani tutafunga kamera. Itakuona."

"Hapo mtakuwa na mashine inayomfuata mchezaji. Ni kazi nzuri. Ipeni jina lake yenyewe, nitakuja kucheza nayo. Jina la baba lina mwenyewe, na hamkumuuliza."

"Tungemuulizaje? Amekufa."

"Aliugua mwaka mzima, mlango wazi. Wilfredo, wewe ulimuuliza?"

Pembeni mwa jukwaa, Wilfredo alianza kujifuta kidevu.

Anayemaliza kucheza huiinamia tena ngoma iliyomjibu. Nereida aliipa mgongo ngoma ya mbele, akashuka jukwaani hadi uwanjani. "Chago, lete ngoma yako huku."

"Hii ni ya pili, dada."

"Leo ni ya mbele. Niangalie mimi."

Chago akashuka nayo, akamkazia macho. Bega likaenda, ngoma ikajibu. Watu wakabeba viti vyao, wakafanya duara jipya, na Teyo akabaki jukwaani akipiga nyuma ya migongo yao.