Ubeti wa Pili wa Sperancia

Alistides hakuwa na kompyuta, hakuwa na simu ya kugusa, hakuwa na bando, wala hakuwa na ile subira ambayo watu humdhania mwenye mvi. Alichokuwa nacho ni dada mgonjwa huko Kimuli, na ahadi aliyompa.

Dada yake, Kyarimpa, aliomba jambo moja tu: asikie tena sauti ya binti yake marehemu, Sperancia, aliyeimba peke yake ubeti wa pili katika kwaya ya usharika. Kanda ya zamani ilikwishatafunwa na redio. Bahati nzuri, mtu fulani aliuweka wimbo ule mtandaoni. Bahati mbaya, aliyejua kuushusha na kuuchoma kwenye CD pale Nkwenda alikuwa Egbert, kijana wa kibanda cha kompyuta.

CD ya kwanza Alistides aliipeleka Kimuli mwenyewe. Redio ya dada yake iliizungusha, ikakoroma, ikanyamaza. Kyarimpa akageukia ukutani.

"Ile nilichoma MP3, mzee," Egbert alisema leo kibandani kwake, bila aibu. "Redio za kikoloni haziisomi. Hii sasa ni ya kawaida, hata redio ya babu yako itaimba."

"Babu yangu mwache apumzike. Weka tusikie."

Kinanda kikaanza, kwaya ikaingia. Kisha Sperancia, peke yake. Alistides akashika meza. Hapo hapo likalipuka jisauti: "Egbeeert! Mtu mbaya wa Nkwenda!"

"Nani huyo?"

"Mimi, mzee. Kila wimbo unaotoka hapa lazima uwe na sauti yangu. Wenzangu wanaiba kazi."

"Kazi yako? Wewe uliimba?"

"Nilishusha!"

"Kwa hiyo aliyebeba jeneza naye jina lake liandikwe msalabani?"

Mama mmoja aliyekuwa akichaji simu alicheka mpaka akajifuta macho. Egbert akainama kwenye kompyuta, akaanza kuushusha wimbo upya, mtupu, bila lile jisauti. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikasimama. Mtandao. Ukarudi. Wimbo ukafika nusu. Umeme ukakatika.

"Waitu, tafadhali mzee, njoo kesho."

"Kesho ya nani?"

Nje, Nolasco, bodaboda wa Kimuli aliyetumwa dawa za Kyarimpa, alikuwa akipiga honi. Wingu lilikwisha kutanda, na barabara ile ikinyeshewa haipitiki.

Alistides hakuwa mtu wa kutoa kazi mbovu. Hata kahawa yake aliichambua punje kwa punje. Lakini kahawa hungoja. Akaomba karatasi na bahasha, akaandika akiwa amesimama:

"Dada, shikamoo. Safari hii redio itaimba. Kwenye ubeti wa pili kuna kijana atapiga kelele akitaja jina lake. Hana adabu, lakini hakai sana. Akinyamaza, mwanao bado anaimba."

Akatia ile CD yenye jisauti ndani, akalamba gundi, akaibana bahasha kwa kiganja mpaka ikashika. Kisha akampa Nolasco, naye akaisweka kifuani chini ya koti, akawasha pikipiki.