Kona ya Kashojwa

Tela lilikuwa limekwama kwenye kona ya Kashojwa, ubavu wake umeegemea ukuta wa kanisa dogo la udongo, na kichwa cha gari kikitazama kinamasi. Nilikuwa ndani ya kichwa hicho, mimi na mke wangu Sidonie. Mbele hakuendeki, nyuma hakurudiki.

Ilikuwa mwaka 2009. Wiki moja kabla, Kezironi, mfanyabiashara wa Mbarara aliyenunua mahindi kwetu Rubondo, kambi ya wakimbizi huku Uganda, alinipeleka kwa muuza magari. Kabla ya vita nilikuwa dereva Uvira, kule Kongo, naye alitaka nimchagulie kati ya magari mawili. Moja lilikuwa lori lenye bodi yake na tela fupi la kukokota, ambalo njia ikibana unalifungua na kuliacha. La pili lilikuwa kichwa kitupu chenye tela refu mno.

"Hii refu inafika Mombasa," Kezironi alisema. "Nikinunua hii, dereva ni wewe. Karatasi ya mpaka, mimi nitatafuta."

Nilikuwa nimeishi Rubondo miaka mingi kiasi cha kujua mbwa wa kila nyumba. Nilipoushika usukani wa lile refu, sikutaka kuuachia. Lakini Kezironi si mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Akataka tulijaribu kwanza, na mzigo wa mahindi, toka Rubondo hadi Mbarara. Sidonie alivaa kitenge chake kizuri akapanda nami.

Na sasa kona. Watu wakashusha magunia, wengine wakaleta mawe ya kuweka chini ya magurudumu. Kila nilipokanyaga mafuta, udongo uliporomoka ukutani. Mchungaji Semahoro wa kanisa lile alisimama kando, kiganja kwenye ukuta, kama mtu anayempima mgonjwa homa.

Kezironi akafika na boda, akazunguka gari lote.

"Gervais, niambie ukweli. Shida ni kona ao ni gari?"

Ningemwambia ni kona, angelinunua. Kona hupanuliwa, na ukuta wa udongo haumshindi mwenye pesa. Nilimtazama Sidonie. Alikuwa ameshuka, kitenge kimelowa tope hadi magotini, jiwe mikononi. Hakunisaidia kwa jicho wala kwa kichwa.

"Ni gari, bosi. Chukua ile ingine."

"Ile haitaenda Mombasa. Itazunguka hapa tu."

"Ninajua."

Tulilitoa saa za jioni, tupu, kwa kulivuta na trekta. Ukuta ulibaki na ufa, lakini ulibaki. Kezironi alinunua lori na tela fupi, nami nikawa dereva wake: Rubondo, Kashojwa, Mbarara, na kurudi.

Jioni ile tulipolitoa gari, tulirudi nyumbani kwa miguu. Tulikuwa bado tunaishi chini ya turubai tulilopewa siku ya kwanza, maana nani hujenga mahali anapopita? Sidonie alinawa miguu taratibu, akamwaga maji.

"Papa Bienvenu," akasema, akiniita kwa jina la mtoto wetu, "kesho uanze kufyatua matofali."