Ubao wa Baba Juu ya Mlango

Ukitaka kujua kompyuta ni mjinga, iambie iweke mbao za urembo kuzunguka mlango ulio kwenye ukuta wa duara. Mwaka huo wa tisini na saba, programu yetu ya kuchora majengo ilijua mstari ulionyooka tu. Ubao wa juu ya mlango ilinichorea umenyooka kama rula: katikati umezama ukutani, ncha zote mbili zinaning'inia hewani.

"Cheptoo, achana nayo," akasema Kimotho, mwenye ofisi. "Fundi atajua huko huko."

"Fundi hatajua," nikamjibu.

Akaniangalia, akarudi mezani kwake. Tangu nimzike baba, ofisi nzima hapo Kericho ilikuwa inaninyamazia, na huruma yao ilikuwa imenichosha.

Jengo lenyewe lilikuwa kanisa la kijijini kwetu, Roret. Baba aliangusha mti wake wa mwisho, akaupasua, akazikausha mbao miaka miwili kwa ajili ya huo mlango. Ubao mnene wa kutosha kukatwa upinde wa juu ulikuwa mmoja tu. Ukikatwa vibaya, hakuna mwingine. Yeye akafa mwezi wa tano, mlango haujasimama.

Sikulia. Niliosha vikombe vya matanga, Jumatatu nikarudi kazini. Moyo ulikuwa kama mguu uliokufa ganzi: unaukanyagia, lakini huusikii.

Nikafuta ule ubao ulionyooka. Nikachora tao la ukuta, mita tatu kutoka katikati ya kanisa kama ramani ilivyosema, nikachora la pili mbele yake, nikajaza unene katikati yao. Siku mbili nzima. Kwenye skrini, ubao ukakaa ukutani bila nafasi ya kupitisha wembe. Kimotho akaita wote waje waone.

"Ngai! Huyu msichana ni moto."

Sikuhisi kitu.

Nikachapisha kigezo cha kukatia ubao, cha ukubwa kamili, nikamtumia seremala, Bosire. Sasa, kigezo hakitumwi hivyo. Kwanza unaenda kwenye jengo na kipande cha katoni, unaiegemeza ukutani, unachora mpindo wenyewe ulivyo. Nilijua. Lakini njia ya kanisani inapita langoni kwetu, na sikuwa nimekanyaga huko tangu mazishi.

Baada ya wiki moja Bosire akapiga simu. "Madam, kuja uone. Na usikasirike."

Nikaenda. Langoni nilipita bila kugeuza shingo.

Waashi walikuwa wamepima mzunguko wa ukuta kwa kamba iliyofungwa kwenye kigingi cha katikati. Mvua ikalegeza kigingi, na upande wa mlango ukuta ukanyooka kidogo. Ubao wa baba uligusa ncha mbili tu. Katikati, vidole vyangu viwili vilipita.

"Mimi nilikata vile ulichora," Bosire akasema. "Tutajaza na unga wa mbao na gundi. Maji yakimwagika..."

"Usinimalizie, Bosire."

Mama alikuwa ameniona nikipita langoni, akanifuata nyuma. Hakunisalimu. Alipanda kwenye tofali, akaingiza kidole ndani ya pengo, akakipitisha polepole toka mwanzo hadi mwisho.

"Hukukuja kupima," akasema.

"Sikuja, mama."

"Katoni tu, Cheptoo. Dakika tano." Akashuka, akapangusa kidole kwa leso. "Halafu ungefika nyumbani. Kila Jumamosi nimekuwa nikipika chai yako."